Aliyeshindwa Kura Naye Ajione Ndani ya Ripoti

Nafanya kazi ya uwezeshaji wa mabaraza. Naitwa pale ambapo watu wasiochaguana, na mara nyingine wasiosalimiana, wanatakiwa wakae pamoja, wasikilize wataalamu, wabishane, kisha wampelekee mapendekezo mwenye mamlaka: halmashauri ya wilaya, wizara, bodi ya maji. Wengi hudhani ugumu uko mwanzoni, kuwafanya watu wafunguke. Watu wetu wanafunguka, wape muda tu na usiwakatize. Ugumu uko siku ya mwisho, maneno yote yale yanapotakiwa yageuke sentensi chache zenye namba, na chini yake pawe na sahihi.

Na siku hiyo ndiyo huwa fupi kuliko zote. Fomu za posho zimeshapita, walioacha watoto nyumbani wanaangalia saa, gari la kuelekea upande wa pili wa wilaya halisubiri mtu, na mgeni rasmi amepiga simu kusema yuko njiani. Mwezeshaji anasimama mbele ya bango kitita, anasoma pendekezo kwa sauti, anageuka na kuuliza, "Jamani, tumekubaliana?" Ukumbi unaitikia, "Ndiyooo!" Karatasi inafunuliwa, linalofuata linasomwa.

Mwitikio huo haukuambii chochote. Haukuambii nani amekubali kwa moyo wake wote, nani ameitikia kwa sababu jirani ameitikia, nani amechoka, na nani hakufungua mdomo kabisa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe husikika wakati wa utekelezaji, mwezi wa tatu au wa nne baada ya ripoti kupokelewa kwa makofi, pale ng'ombe wanapopitishwa usiku mahali ambapo "wote" walikubaliana wasipite.

Kwa hiyo nimefika kwenye msimamo ambao wenzangu wengine kwenye kazi hii hawaupendi: katika saa za mwisho, mwezeshaji anamtumikia yule atakayeshindwa. Walio wengi hawanihitaji sana, wana idadi yao. Wengi wape, ndivyo tulivyolelewa, na kanuni hiyo inamaliza ubishi kweli. Lakini baraza la majadiliano halikuitwa kumaliza ubishi tu. Liliitwa litoe ushauri, na ushauri usioonyesha nani aliukataa na kwa nini ni nusu ya ushauri.

Mfano ninaourudia kila ninapofundisha wawezeshaji wapya unatoka Kanada. Mwaka 2004 jimbo la British Columbia liliitisha baraza la raia 160 waliopatikana kwa bahati nasibu, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja kutoka kila eneo la uchaguzi kati ya maeneo 79, pamoja na wawili kutoka jamii za wenyeji asilia. Mwenyekiti wao alikuwa Jack Blaney. Waliulizwa kama jimbo libaki na mfumo wake wa kuchagua wabunge, na kama si hivyo, uje mfumo gani. Walisoma kwa miezi, wakazunguka kuwasikiliza wananchi kwenye mikutano 50, kisha kuanzia Septemba wakajifungia kujadiliana wenyewe.

Mwishoni ilibaki mifumo miwili mezani. Mmoja unamtaka mpiga kura apange wagombea kwa namba kadiri anavyowapenda, na kura yake ihamie kwa anayefuata pale inapokuwa haihitajiki tena kwa wa kwanza. Mwingine ni mseto: wabunge wa maeneo ya uchaguzi na wabunge wa orodha za vyama. Tarehe 23 Oktoba walishindanisha hiyo miwili. Wa kupanga namba ulipata kura 123, mseto ukapata 31. Mwenyekiti mwenye haraka angegonga meza hapohapo na kusema kazi imekwisha. Kesho yake wakaulizwa swali lingine: je, mfumo tulio nao leo ubaki? Waliosema ndiyo ni 11, hapana 142. Ndipo likaja swali la tatu: je, tuupendekeze mfumo huu mpya kwa wananchi wa jimbo? Ndiyo 146, hapana 7.

Ukiziweka namba hizo pamoja utaona kitu. Watu 31 walipenda mfumo mwingine. Hata kama wale saba waliokataa mwishoni wote walitoka kwao, bado zaidi ya ishirini waliunga mkono pendekezo ambalo halikuwa chaguo lao la kwanza. Hawakulazimishwa wala hawakubembelezwa. Walipewa nafasi ya kusema mambo matatu tofauti kwa nyakati tatu tofauti: ninachokipenda zaidi, ninachokiona kibovu, na ninachoweza kusimama nyuma yake. Mabaraza mengi niliyoyaona huku kwetu yanayabana yote hayo ndani ya swali moja la kuitikia kwa sauti. Anayependa kingine lakini anaweza kuishi na hiki hana pa kusimama, basi anaitikia bila kumaanisha, au ananuna.

(Pendekezo lenyewe lilipelekwa kwenye kura ya maoni Mei 2005, likapata asilimia 57.7. Serikali ilikuwa imeweka kiwango cha asilimia 60, kwa hiyo halikupita. Watu husimulia habari hiyo kama kushindwa kwa baraza. Mimi sikubaliani nao: kiwango hakikuwekwa na baraza.)

Somo la maneno yenyewe, yaani namna pendekezo linavyoandikwa, sikulipata kwenye mifano ya mbali. Nililipata vijijini kwetu Tanzania, kwenye mipango ya matumizi ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zinakipa kijiji nafasi ya kupanga ardhi yake mwenyewe, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopitisha. Kabla ya kufika huko kunakuwa na vikao virefu: wakulima, wafugaji, wachoma mkaa, vijana wanaotaka viwanja.

Katika kijiji kimoja chenye bonde zuri la mpunga, pendekezo lililoandikwa lilisema: mifugo isipite bondeni wakati wa msimu wa kilimo. Kila mtu aliafiki, wakulima na wafugaji. Ilikuwa mchana, chakula kimeshanukia. Mzee mmoja wa upande wa wafugaji alikuwa amenyamaza muda mrefu, ameegemea fimbo yake. Nikaomba kabla hatujaenda kula kila kundi liniambie msimu wa kilimo unaanza mwezi gani na unaisha mwezi gani.

Wenye mpunga walisema tangu kutayarisha mashamba hadi gunia la mwisho litoke bondeni, yaani mpaka Julai ikibidi. Kina mama wenye bustani za mboga kando ya mto, wanaomwagilia kiangazi, walisema kwao msimu hauishi. Wafugaji walisema kilimo ni mvua za masika. Mvua zikikatika, bonde ni la wote kama lilivyokuwa enzi za babu zao. Yule mzee akanyanyua kichwa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, hapo mlikuwa mmekubaliana nini?"

Tulikula chakula kimepoa. Jioni pendekezo lilikuwa na majina ya miezi, njia ya kupitisha mifugo yenye upana uliopimwa kwa hatua na wao wenyewe, na sehemu ya kunyweshea iliyotajwa kwa jina lake. Na makubaliano yalipungua. Asubuhi tulikuwa na "wote". Jioni tulikuwa na walio wengi, wachache waliosema watavumilia, na mama mmoja wa bustani aliyesema hakubali hata kidogo, kwa sababu njia ile inapita juu ya mita chache alizonazo na hana uwezo wa kujenga uzio. Tuliandika maneno yake kwenye muhtasari kama alivyoyasema, chini ya pendekezo lenyewe, bila kuyapamba. Afisa ardhi alipousoma ule muhtasari, swali lake la kwanza lilihusu uzio. Kama tungempelekea ile sentensi ya asubuhi, isiyo na mpinzani hata mmoja, asingekuwa na la kuuliza.

Tangu hapo sentensi inayopita bila upinzani wowote hunitia shaka kuliko ile inayopingwa. Mara nyingi imepita kwa sababu imeondolewa kila kilichokuwa na uzito. "Serikali iboreshe huduma." "Wadau washirikishwe." "Elimu itolewe." Nani atapinga? Na nani atafanya nini kesho asubuhi akizisoma? Kikundi kikichoka, hukimbilia maneno ya namna hii kwa sababu yanaleta amani ya haraka. Mwezeshaji anayependwa na waandaaji naye huyapenda, maana ripoti inatoka safi. Mimi husimama hapo na kuuliza: nani afanye, lini, kwa fedha ipi, na nani ataumia? Lile la mwisho ndilo linaloamsha ukumbi.

Waliofanya jambo hili kwa ustadi mkubwa, kwenye suala zito kuliko bonde la mpunga, ni Waireland. Katiba yao ilikuwa na ibara ya 40.3.3, iliyoingizwa mwaka 1983 kwa Marekebisho ya Nane, inayoweka haki ya uhai ya mtoto ambaye hajazaliwa sawa na ya mama yake. Utoaji mimba ulikuwa karibu umefungwa kabisa, na familia, makanisa na vyama viligawanyika juu yake kwa miongo. Baraza la raia 99 waliopatikana kwa nasibu, likiongozwa na jaji wa Mahakama ya Juu Mary Laffoy, lilikaa na suala hilo kwa wikiendi tano kati ya Novemba 2016 na Aprili 2017, hotelini Malahide, nje kidogo ya Dublin. Meza za duara za watu saba au wanane, kila meza na mwezeshaji wake na mwandishi wa kumbukumbu. Maoni ya umma yaliyotumwa yalizidi 12,000.

Ninachokitazama zaidi ni wikiendi ya mwisho, tarehe 22 na 23 Aprili 2017. Karatasi ya kura haikushushwa kutoka juu kama mtihani wa taifa. Maneno yake yalijadiliwa na wajumbe wenyewe, na kati ya kura na kura walidai ufafanuzi wa maana ya kila chaguo kisheria. Kura zilikuwa za siri na zilikwenda kwa hatua. Ibara ibaki ilivyo? Asilimia 87 walisema hapana. Ifutwe tu, au ibadilishwe? Asilimia 56 walitaka ibadilishwe. Ibadilishwe vipi? Asilimia 57 walitaka kiwekwe kifungu kinacholiachia bunge mamlaka ya kutunga sheria juu ya suala hilo. Kisha wakaingia kwenye kiini: sababu 13 ambazo zinaweza kumfanya mwanamke atake kusitisha mimba, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja mjumbe aseme kama iruhusiwe, na kama iruhusiwe, hadi wiki ya ngapi. Asilimia 64 waliafiki iruhusiwe bila kudai sababu maalumu.

Msomaji anaweza kuwa na msimamo wake juu ya jambo lenyewe, na najua kwetu wengi wanao mkali. Naomba tu aangalie namna walivyoulizana. Mjumbe ambaye dhamiri yake inaruhusu pale tu maisha ya mama yanapokuwa hatarini alipata mahali halisi pa kuweka alama yake, na alama hiyo ikahesabiwa na kuchapishwa. Hakulazimishwa kuchagua kati ya "ndiyo yote" na "hapana yote". Asilimia zote zimo ndani ya ripoti, pamoja na zile za walioshindwa kwa kura chache. Asilimia 56 si kitu cha kujivunia ukiwa unatafuta picha ya umoja, na hakuna aliyejaribu kuificha.

Kamati ya bunge iliyoipokea ripoti ilielekea kwenye kufuta tu, lakini maneno yaliyofika kwa wananchi tarehe 25 Mei 2018 yalikuwa sentensi fupi inayosema sheria inaweza kutungwa kuratibu usitishaji wa mimba, karibu sana na kile walichokitaka wale asilimia 57. Asilimia 66.4 ya wapiga kura waliafiki.

Kenya inanipa somo la upande wa pili, na nalitaja kwa heshima kwa sababu kazi ile ilikuwa kubwa. Baada ya mkutano wa katiba wa Bomas, Nairobi, ambako wajumbe 629 chini ya Profesa Yash Pal Ghai walipitisha rasimu Machi 2004 huku upande wa serikali ukiwa umetoka nje, na baada ya rasimu iliyorekebishwa kuangushwa na chungwa, alama ya waliosema hapana, kwenye kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, sheria ya 2008 iliunda Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga. Kamati ilipewa jukumu la busara mno: itenganishe yaliyokwisha kukubaliwa katika rasimu za nyuma na yale yenye ubishi, nguvu zote ziende kwenye ubishi. Ikataja matatu: mfumo wa serikali, ugatuzi na masharti ya mpito. Bila utenganisho huo sidhani kama katiba ingepatikana, maana kila kifungu kingerudi kupiganiwa upya.

Lakini mahakama za kadhi hazikuwa kwenye orodha ya ubishi. Viongozi wengi wa makanisa walilalamika mapema, na kampeni ya 2010 ilipoanza, suala hilo likawa bendera kuu ya waliosema hapana, pamoja na kifungu cha utoaji mimba na ardhi. Katiba ilipita tarehe 4 Agosti 2010 kwa takriban asilimia 67, kwa hiyo hakuna aliyeangushwa na hilo. Hata hivyo mtu anayeongoza kikao alitazame vizuri: orodha ya "tumekwisha kubaliana" ndiyo inayotaka kupimwa kwa ukali zaidi, na ipimwe kwa kumuuliza anayeweza kuumia, uso kwa uso. Kusoma nyaraka za miaka ya nyuma hakutoshi. Mimi siku hizi hutenga muda kwa ajili ya yale yanayodhaniwa hayana shida. Nasoma kila moja na kuuliza, "Nani hapa ana ndugu au jirani atakayelikasirikia hili?" Mtu anayeona aibu kupinga kwa jina lake atapinga kwa jina la jirani.

Ufaransa walikwama kidogo mahali pengine. Raia 150 wa mkutano wao wa tabianchi walikaa Paris tangu Oktoba 2019 na kumaliza Juni 2020 wakiwa na mapendekezo 149. Mengi hivyo huwezi kuyapigia kura moja moja kwa wikiendi moja, basi yakafungwa mafungu mafungu na kura ikapigwa kwa fungu. Karibu yote yalipita kwa kishindo. Pendekezo la kupunguza wiki ya kazi hadi saa 28 ndilo lililokataliwa, kwa asilimia 65. Lile la kushusha mwendo wa magari kwenye barabara kuu hadi kilomita 110 kwa saa lilipita kwa karibu asilimia 60 tu, na Rais Macron hakulikubali. Kura ya fungu inakuambia watu wanalikubali fungu; ndani yake kuna lipi wanalipigania na lipi wamelivumilia, hujui, na mwanasiasa anayetaka kuchagua ya kwake anapata mwanya mpana.

Wapo waliokwepa tatizo hili lote kwa makusudi. Mwaka 2015 takriban Watanzania 400 waliopatikana kwa sampuli ya nchi nzima walikutanishwa Dar es Salaam kujadili mapato ya gesi asilia, kwa njia ya profesa James Fishkin wa Stanford. Katika njia ile kikundi hakitoi tamko la pamoja. Kila mtu anajaza dodoso kwa siri kabla na baada ya majadiliano, na tofauti ndiyo matokeo, kwa sababu presha ya kutafuta kauli moja huwabana wanyonge. Naielewa hoja hiyo, na nimeiona ikitokea: kijana mbele ya mzee, mke mbele ya shemeji zake, karani mbele ya bosi wake. Ila mwenye mamlaka akipewa jedwali la asilimia hana maneno ya watu ya kushika. Bado naona bora kubaki na kazi ngumu ya kuandika pamoja, mradi siri ya kura ilindwe pale palipo na mkubwa na mdogo.

Kwenye vikao vyangu natumia vidole kama hakuna mkubwa wa kuogopwa: vitano ni naunga mkono kwa nguvu zote, vitatu naweza kuishi nalo, kimoja silipendi, ngumi ni siwezi kabisa. Kama yupo wa kuogopwa, vinakuwa vikaratasi kwenye kopo. Naanza kuongea na walioonyesha ngumi na kidole kimoja, na swali langu kwao ni lilelile: "Kibadilike nini ili upande kidole kimoja?" Mara nyingi ni neno moja, tarehe, au mpaka. Likibadilika, narudi kwa walioinua vitano kuwauliza kama bado wanalitambua pendekezo lao. Kisichobadilika kinaandikwa na sababu zake.

Na kalamu isiwe yangu. Anayeandika sentensi ya mwisho ana nguvu kuliko mwenyekiti. Wachague wawili kutoka pande zinazopingana, waandike mbele ya wote, sentensi isomwe kwa sauti na mtu wa tatu. Ripoti ikishachapwa ofisini irudishwe kwao kabla ya kwenda kwa mkubwa yeyote, maana huko ofisini ndiko neno "lazima" hugeuzwa "ikiwezekana", na yule mama wa bustani hugeuzwa "baadhi ya washiriki".

Haya yote yanadai muda, na muda wa siku ya mwisho unaliwa na sherehe. Waandaaji wanaosoma hapa, ombi langu kwenu ni moja: mgeni rasmi aje siku inayofuata.